Kununua shotigani kuukuu: nini cha kukagua kabla ya kulipa

Mfanyabiashara wa vitu vya kale hukutana na mengi: saa za ukutani, cherehani, masanduku ya Zanzibar, redio za betri. Mara moja moja huletewa pia bunduki. Mara nyingi huwa ni shotigani, yaani bunduki ya marisau, yenye mitutu miwili iliyolala sambamba, iliyotoka kwa marehemu mwindaji au nyumba ya shamba la zamani. Muuzaji husema ni ya Mwingereza, ina miaka mia, na ikisafishwa kidogo itakuwa mali.

Huenda ni kweli. Lakini bunduki hiyo hiyo inaweza kukupotezea vitu vitatu: fedha, kiungo cha mwili na uhuru wako. Fedha hupotea kwa sababu shotigani kuukuu nyingi hazirudishi gharama za ukarabati. Kiungo hupotea mtutu uliochoka unapopewa risasi ya kisasa. Uhuru hupotea pale silaha inapovuka mpaka ikiwa chini ya kiti cha lori. Makala haya yanaeleza mambo ya kukagua, kwa mpangilio ambao mnunuzi mwangalifu huufuata.

1. Anza na karatasi, si mtutu

Usiiguse bunduki kabla ya kuona leseni yake. Leseni ya silaha ni ya mtu aliyepewa. Mwenyewe akifariki, mjane au mtoto hawi mmiliki halali kwa sababu tu bunduki imebaki kabatini. Warithi wanatakiwa kwenda polisi kwanza, na mauzo yafuate baada ya hapo. Ukinunua kwa mrithi asiye na kibali, wewe na yeye mko kwenye kosa moja.

Tanzania hutumia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Kenya hutumia Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na leseni hutolewa na bodi maalumu ya leseni za silaha. Uganda ina sheria yake ya mwaka 1970. Juu ya sheria hizi upo Mkataba wa Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, uliosainiwa Aprili 2004 na kuanza kutumika Mei 2006. Mkataba huo unazitaka nchi wanachama kuweka alama kwenye kila silaha inapotengenezwa au inapoingizwa nchini, ili iweze kufuatiliwa.

Wauzaji wengi husema, "Hii ni ya kale, haihitaji kibali." Usikubali. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha inaiachia kila nchi ieleze silaha ya kale ni ipi, ila imeweka ukomo: hakuna silaha iliyotengenezwa baada ya 1899 inayoweza kuitwa ya kale. Marekani inaweka mstari mwaka 1898. Nako Uingereza, kanuni za mwaka 2021 hazikuishia kwenye umri tu. Zinataja aina za risasi zilizopitwa na wakati, na geji 12 ya kawaida haimo. Kwa hiyo shotigani ya geji 12 ya mwaka 1890 bado ni silaha kamili huko. Kwa upande wetu, umri pekee usikupe imani. Uliza polisi, upate jibu kwa maandishi.

Jambo lingine: bunduki mbovu nayo ni silaha. Mtutu peke yake, au mtambo usio na kitako, huhesabiwa na sheria kama sehemu ya silaha. Kuivunja vipande ili ipite kama vyuma chakavu ni kujitafutia kesi.

2. Hakikisha haina risasi

Ifungue mwenyewe na utazame chemba zote mbili. Kama haifunguki, ichukulie kuwa ina risasi mpaka fundi aseme vinginevyo.

Gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu, lina hatari ya peke yake. Baruti nyeusi iliyoshindiliwa miaka mingi iliyopita inaweza kuwaka hata leo ikiwa haikuingia maji. Njia ya kupima ni rahisi. Ingiza mdeki ndani ya mtutu mpaka ugote, weka alama kwenye mdeki pale mdomo wa mtutu unapoishia, kisha utoe na uulaze juu ya mtutu kwa nje. Ncha ya mdeki ikifika kwenye kitundu cha fataki, mtutu ni mtupu. Ikiishia sentimita tatu au nne kabla ya hapo, kuna kitu ndani. Usijaribu kukitoa mwenyewe wala kukichoma. Iache mahali ilipo na uite polisi au fundi mwenye leseni.

Magobore yalienea bara letu kwa sababu ya kibiashara. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha kuingia Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, lakini uliacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Silaha duni ndiyo iliyoruhusiwa kuuzwa, na ndiyo iliyobaki vijijini.

3. Tambua umri na aina

Huhitaji kuwa mtaalamu ili kukisia kipindi. Angalia mambo haya:

Ikiwa kila risasi ilikuwa na msumari mdogo uliochomoza pembeni, na mtutu una kijitundu juu kwenye ncha ya chemba, hiyo ni bunduki ya pini. Mfumo huo ulibuniwa na Mfaransa Casimir Lefaucheux miaka ya 1830. Risasi zake hazipatikani dukani, kwa hiyo ni ya kupambia tu.

Ikiwa ina nyundo mbili nje, moja kila upande, na inatumia risasi yenye fataki katikati ya kitako chake, basi aina hiyo ilianza kuenea miaka ya 1860. Ziliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi, kwa hiyo nyundo za nje si uthibitisho wa umri mkubwa.

Ikiwa nyundo zimefichwa ndani ya kisanduku cha chuma, huenda inafuata mfumo wa Anson na Deeley, uliobuniwa mwaka 1875 katika kiwanda cha Westley Richards mjini Birmingham. Mfumo huu ni imara, ni rahisi kutengeneza, na umeigwa duniani kote.

Ikiwa mtambo umefungwa kwenye mabamba mawili ya pembeni yanayofunguka, hiyo ni kazi ya gharama zaidi. Ndiyo inayohusishwa na majina kama Purdey na Holland & Holland. Lakini yapo mabamba ya uongo pia, yaliyowekwa juu ya kisanduku cha kawaida kwa ajili ya urembo.

4. Soma alama za majaribio

Hapa ndipo mnunuzi makini anapopata faida kuliko wenzake. Ondoa kishikio cha mbele cha mbao, tenganisha mitutu na mwili, kisha geuza mitutu. Chini yake, karibu na chemba, kuna alama ndogo zilizogongwa kwenye chuma. Hizo ndizo cheti cha bunduki.

Uingereza ina nyumba mbili za majaribio. Ya London iko chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati mwaka 1637, na ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813. Kila mtutu hufyatuliwa huko kwa shehena kubwa kuliko ya kawaida. Ukivumilia hugongwa alama, ukishindwa hutupwa. Kwa mitutu ya zamani ya Birmingham utaona taji juu ya fimbo mbili za kifalme zilizopishana. Kwa London utaona taji juu ya herufi GP zilizofungamana, na taji juu ya V. Alama ya Liège, Ubelgiji, ni herufi ELG na nyota ndani ya duara la yai, na tangu 1893 ina taji juu yake.

Alama muhimu kuliko zote ni ya nitro. Bunduki za zamani zilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu, lakini risasi za leo zina baruti isiyo na moshi, ambayo husukuma kwa namna tofauti. Uingereza ilianza kutambua majaribio ya nitro miaka ya 1890, na kanuni za mwaka 1904 zikaleta alama ya NP. Ukikosa alama ya nitro, chukulia kwamba mtutu huo haujathibitishwa kwa risasi yoyote inayouzwa leo, hata kama muuzaji anaapa kwamba babu yake aliitumia kila msimu.

Maneno mawili ya Kiingereza nayo huwasaidia wakaguzi. NOT FOR BALL ni alama ya kati ya 1875 na 1887, iliyowekwa kwenye mitutu yenye choki, yaani inayobana mdomoni, kuonya kwamba isipigwe risasi ya tonge. SLEEVED maana yake mitutu ilikatwa karibu na chemba na kuingizwa mipya. Bunduki ya namna hiyo inaweza kuwa salama kuliko ile ambayo haijaguswa, ila kwa mkusanyaji thamani yake imeshuka.

5. Pima chemba

Geji 12 ina maana kwamba marisasi 12 ya duara yanayoingia kamili kwenye mtutu yangekuwa na uzito wa ratili moja. Kipenyo chake cha kawaida ni inchi 0.729, yaani milimita 18.5. Lakini geji haitoshi. Uliza urefu wa chemba.

Shotigani nyingi za zamani za Uingereza zina chemba ya inchi 2½, ambayo ni ya risasi za milimita 65. Risasi za kawaida za leo ni za milimita 70, na zipo za 76. Mtego wake ni kwamba risasi ya milimita 70 huingia vizuri kwenye chemba fupi na bunduki hufunga bila tatizo, kwa sababu kipimo cha risasi ni cha ganda likiwa limekunjuka. Ikifyatuliwa, mdomo wa ganda hukunjukia kwenye sehemu inayobana mbele ya chemba na shinikizo hupanda. Bunduki haionyeshi dalili mara ya kwanza. Mara ya ishirini inaweza kuwa nyingine.

Tangu mwaka 1925 Uingereza ilianza kugonga urefu wa chemba kwenye mtutu. Kwa za kabla ya hapo, mwache fundi apime kwa geji yake.

6. Kagua mitutu

Thamani kubwa ya shotigani iko kwenye mitutu. Kitako kinaweza kuchongwa kipya na skrubu kutengenezwa, lakini mitutu iliyoharibika ndiyo mwisho wa biashara.

Elekeza mitutu iliyotenganishwa kwenye mwanga wa dirisha na uchungulie. Tafuta mashimo meusi ya kutu, hasa mbele ya chemba na karibu na mdomo. Kutu ya juu husuguliwa ikaisha. Mashimo marefu hayaondoki mpaka chuma kipunguzwe. Zungusha mitutu polepole na utazame vivuli: kivuli chenye umbo la nusu duara ni dalili ya kubonyea, na kivuli kinachozunguka pande zote kama pete ni dalili ya uvimbe. Kubonyea hunyooshwa na fundi hodari. Uvimbe ni habari mbaya, kwa sababu chuma kimeshavutika.

Kisha fanya jaribio la mlio. Ning'iniza mitutu kwa kidole au kamba kwenye ndoano iliyo chini ya chemba, bila kipande chochote cha mbao, uigonge kidogo kwa kipande cha mti. Mitutu mizima hulia kama kengele. Ikitoa sauti ya bati bovu, huenda ubavu unaounganisha mitutu umeachia lehemu, na unyevu umeingia ndani usikoweza kuuona.

Unene wa ukuta wa mtutu haupimiki kwa macho wala kwa kalipa ya kawaida, na kupima mdomoni kunadanganya, kwa sababu choki huongeza chuma pale. Mahali pembamba huwa katikati kuelekea mbele. Mafundi wengi wa Uingereza huchukua sehemu 20 kati ya 1,000 za inchi, yaani kama nusu milimita, kuwa kiwango cha chini ambacho hawapendi kushuka. Muulize fundi namba, usiulize maoni. Vivyo hivyo, kipenyo cha ndani kikiwa kimepanuka kwa zaidi ya sehemu 10 kati ya 1,000 za inchi kuliko alama ya majaribio, bunduki imetoka nje ya majaribio yake. Upanuzi huo husababishwa zaidi na watu waliosugua kutu kwa bidii ili bunduki ing'ae siku ya kuuza. Mtutu unaong'aa ndani kama kioo kwenye bunduki ya miaka mia ukuongezee mashaka.

Angalia pia urefu. Mitutu mingi ya kipindi hicho ni ya inchi 28 hadi 30. Midomo ya mitutu miwili inapaswa kugusana. Ukiona pengo lililojazwa lehemu, mitutu imekatwa na choki imekwenda nayo. Mtutu uliokatwa unaweza kuwa tatizo la kisheria pia, kwa sababu polisi huenda wakauona kama silaha ya uhalifu.

Mwisho, mitutu ya Dameski. Hii ni mitutu iliyotengenezwa kwa kusokota vipande vya chuma na chuma cha pua, kuvizungushia kwenye fimbo na kuvifua viungane. Ina michoro ya mawimbi inayopendeza macho. Ilitawala hadi mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikaondolewa na chuma cha pua kizima. Ipo iliyopita majaribio ya nitro, lakini bila alama hiyo usiipe risasi ya kisasa hata moja. Wapo pia walionakshi michoro hiyo juu ya mitutu ya kawaida ili kuiuza ghali.

7. Bawaba, mtambo na mbao

Ondoa kishikio cha mbele, funga mitutu, shika kitako na utikise. Ikicheza, bunduki imelegea kwenye bawaba. Itazame pia dhidi ya mwanga: mstari wa mwanga kati ya mitutu na uso wa mtambo maana yake gesi itatafuta njia kuelekea kwenye macho ya mpigaji. Fundi hulitibu kwa kuongeza chuma kwenye ndoano au kubadili pini ya bawaba. Muuzaji mjanja hulitibu kwa kugonga ndoano kwa nyundo ili ibane kwa wiki moja. Tafuta alama za nyundo hapo.

Kujaribu vifyatulio, tumia risasi bandia za mazoezi. Kufyatua chemba tupu kunaweza kuvunja pini za kupigia, na muuzaji atakudai. Kagua kama kizuizi cha usalama kinashika, na kama mtambo wa upande mmoja haufyatuki ukigonga kitako kwa kiganja.

Kichwa cha skrubu ndicho kinachosema ukweli kuhusu historia ya bunduki. Mifereji yake ikiwa imetafunwa, mtu asiye fundi aliwahi kuifungua, na huwezi kujua alifanya nini ndani.

Kitako kizuri ni cha mbao ya mjozi. Tafuta nyufa nyuma ya mtambo na kwenye sehemu nyembamba ya kushika. Mbao nyeusi na laini karibu na chuma zimelowa mafuta ya miaka mingi, kwa kuwa bunduki ilisimamishwa na mdomo juu. Hilo linatibika. Ufa uliozibwa kwa gundi na kupakwa vanishi haufai.

8. Majina na nambari

Nambari iliyo kwenye mitutu, mwili na kishikio cha mbele inapaswa kuwa moja, na ilingane na leseni. Zikitofautiana, bunduki imeunganishwa kutoka zaidi ya moja. Nambari iliyofutwa ni sababu ya kuondoka bila kuaga.

Jina kubwa kwenye mtutu si ushahidi. Liège ilitengeneza bunduki nyingi za bei rahisi zilizoandikwa majina yanayokaribiana na ya Waingereza. Mfano unaojulikana ni "W. Richards", jina lililowafanya wanunuzi wafikirie Westley Richards. Jina likisema Birmingham na alama za chini zikisema ELG, amini alama za chini.

9. Ukarabati: kipi kinaongeza na kipi kinaharibu

Kusafisha mbao, kupaka mafuta ya kitani, kutengeneza skrubu, kunyoosha mibonyeo midogo, kulehemu upya ubavu na kukaza bawaba ni kazi zinazoongeza thamani zikifanywa na fundi mwenye leseni. Kumbuka kwamba kumpelekea bunduki fundi wa baiskeli au wa kuchomelea ni kosa, hata kama ana mkono mzuri.

Mambo matatu huharibu. La kwanza ni kung'arisha chuma kwa mashine: michoro hufutika na kingo huwa duara. La pili ni kupasha moto mwili wa mtambo, kwa kuwa uso wake uliimarishwa kwa joto na ugumu huo huondoka. La tatu ni kutia rangi nyeusi mitutu miwili kwa chumvi za moto. Kemikali hizo hula lehemu laini inayoshika ubavu, na bunduki iliyokuwa nzima hurudi ikiwa imeachia.

Ukitaka itumike, inabidi ijaribiwe upya katika nyumba ya majaribio. Shirika la kimataifa la majaribio ya silaha, C.I.P., lililoanza mwaka 1914, lina wanachama kama Uingereza, Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Hispania na Umoja wa Falme za Kiarabu. Nchi za Afrika Mashariki hazimo. Kwa hiyo majaribio mapya yana maana ya kuitoa bunduki nchini kwa vibali na kuirudisha kwa vibali. Nayo majaribio si dhamana: mtutu dhaifu unaweza kupasuka hukohuko, ukabaki na bili na vipande.

10. Piga hesabu kabla ya kulipa

Hesabu hii ni mfano, si bei ya soko. Tuseme bunduki inauzwa shilingi 100. Mbao na skrubu 40. Bawaba na ubavu 60. Vibali, ada na safari 50. Majaribio ya ng'ambo na usafiri wake 200. Jumla ni 450. Sasa uliza: mtu mwenye leseni, karibu nawe, atalipa zaidi ya 450 wakati anaweza kununua shotigani mpya yenye chemba ya milimita 70? Kwa bunduki ya fundi asiyejulikana, jibu ni hapana. Kwa bunduki ya fundi mkubwa, yenye nambari zinazolingana na mitutu yenye unene, jibu linaweza kuwa ndiyo mara nyingi.

Kwa hiyo gawa bunduki katika makundi matatu. Ya kwanza ni inayostahili ukarabati kamili: mitutu mizima, alama ya nitro, jina la kweli. Ya pili ni ya kusafishwa na kuhifadhiwa kama ilivyo, isipigwe. Ya tatu ni ya kuiacha kwa muuzaji.

11. Ikivuka mpaka

Kwenye ushuru, shotigani za michezo ziko kifungu 93.03 na sehemu zake 93.05. Kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 100 huangukia kifungu 97.06, na maelezo ya Sura ya 93 yenyewe yanaviondoa vitu vya kale. Tofauti hiyo inaweza kupunguza ushuru, lakini si ruhusa ya kupita. Uainishaji ni wa forodha na kibali ni cha polisi, na afisa wa mpakani atataka vyote viwili. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaweka silaha na risasi za Sura ya 93 katika orodha ya bidhaa zenye masharti kuingizwa.

Mpangilio wa vibali ni huu: nchi inayopokea hutoa kibali cha kuingiza, ndipo nchi inayotoa hutoa cha kutoa nje, na nchi ya kupitia hujulishwa kabla ya safari. Ukianza kinyume utakwama Namanga au Mutukula na mzigo utashikiliwa.

Msafirishaji azingatie haya. Usipokee kifurushi kirefu kilichofungwa bila kukiona, hata kwa mteja wa siku zote: anayekamatwa na silaha ni aliyekuwa nayo, na jina lako ndilo liko kwenye hati ya safari. Bunduki isafiri ikiwa imefunguliwa, imefungwa kwenye kasha lenye kufuli, na vibali halisi mkononi. Risasi zisikae nayo, kwa kuwa ni bidhaa hatari za daraja la kwanza na zina masharti yake. Tazama pia shanga ya kulengea kwenye mdomo wa mtutu: kwenye baadhi ya bunduki za zamani ni ya pembe ya ndovu, na pembe ina sheria zake kali za CITES, hata ikiwa ndogo kama punje ya mtama.

Kwa kifupi, kabla ya kulipa uwe na majibu ya maswali haya: Leseni ni ya nani, na yu hai? Nambari zote zinalingana? Ipo alama ya nitro? Chemba ni milimita ngapi? Unene wa mtutu umepimwa na nani, na ni namba gani? Mitutu inalia? Bawaba inacheza? Baada ya gharama zote, nani atainunua?

Swali moja likikosa jibu, shusha bei au ondoka. Na usimkubalie kamwe muuzaji anayetaka kukuthibitishia uzima wa bunduki kwa kupiga risasi moja hewani. Bunduki iliyovumilia risasi moja haijathibitisha kwamba itavumilia ya pili, na mkono utakaokuwa karibu na chemba hiyo huenda ukawa wako.